Nguo za Nyuki

Shemeji yangu alinuka moshi hata siku ya harusi yake. Alikuwa ameoga, amenyoa, amevaa suti ya kuazima iliyombana mabegani, na bado alipomsogelea dada yangu kumvisha pete, waliokaa safu ya mbele walianza kugeuka huku na huku wakidhani kuna chungu kinaungua jikoni. Jina la Moshi alilipata siku hiyo, na mimi ndiye niliyempa. Sijutii. Kuna watu wanapewa majina na wazazi wao na hayawakai. Hili lilimkaa.

Alikuwa mfuga nyuki. Mizinga yake aliiweka nyuma ya karakana za mbao, kwenye kipande cha pori ambacho hakuna aliyekitaka kwa sababu ya miiba. Kila asubuhi alitoka na baiskeli, kikopo chake cha moshi kikining'inia kwenye usukani, na jioni alirudi na nta kwenye ndevu. Mimi ni fundi cherehani. Ovaroli zake nyeupe nilizishona mimi, zenye mpira kwenye vifundo vya mikono na miguu, na wavu wa uso unaofungwa kwa zipu shingoni. Nilimwambia akizivaa anafanana na godoro lililoota miguu. Naye aliniambia cherehani yangu inapiga kelele kuliko mizinga yake yote na haitoi hata kijiko kimoja cha asali. Ndivyo tulivyoishi. Siku tusipotaniana, Dada alituuliza nani mgonjwa.

Dada alikuwa mpole kuliko sisi wote, na kazi chafu iliangukia kwake, kama kawaida ya wapole. Yeye ndiye aliyefua. Kila Jumapili alizitundika zile ovaroli kwenye waya nyuma ya nyumba, akazipiga kwa kiganja mpaka zitoe vumbi, nta iliyokauka, mabawa, miiba iliyonasa kwenye kitambaa, halafu ndipo akaziloweka kwenye beseni kubwa la bati. Vumbi lile lilimpigisha chafya. Mikono yake ilitoka kwenye maji ikiwa myekundu hadi kwenye viwiko.

"Nguo zako zinaniwasha kuliko maneno ya huyu mdogo wangu," alimwambia mumewe huku akijikuna.

"Nyuki wanakuonea wivu, mke wangu," Moshi alijibu. "Wanajua nakupenda kuliko malkia wao."

Tukacheka. Binti yao wa mwisho, tuliyemwita Kitinda, alikaa kando ya beseni akichezea povu. Alipokua kidogo alishika mguu mmoja wa ovaroli na mama yake akashika mwingine, wakakamua pamoja, kila mmoja akizungusha upande wake. Naye alijikuna. Tulicheka hivyo kila Jumapili, miaka nenda miaka rudi, kwa maneno yaleyale, na hayakutuchosha.

Lazima niseme jambo moja kuhusu Moshi, la sivyo hamtamwelewa. Aliwajua nyuki kama mimi ninavyoujua upindo wa nguo. Alipoanza kazi ile akiwa kijana, akiumwa na nyuki mmoja mkono wake uliumuka kama mkate. Akavumilia. Mwaka uliofuata ukavimba kidogo, mwaka mwingine ukawa na alama tu, na nilipomfahamu mimi alikuwa anaumwa shingoni katikati ya mazungumzo, anauchomoa mwiba kwa ukucha, na sentensi haikatiki. "Kila mfuga nyuki huvimba mwanzo," alipenda kusema. "Mwili unazoea. Ukikimbia ndiyo hauzoei." Wenzake wote wa kazi ile walisema hivyohivyo, wote walikuwa ushahidi unaotembea, na kwa miili yao ilikuwa kweli. Waliovimba wakazidi kuvimba hawakuwa miongoni mwao. Hao waliacha kazi mapema, wakaenda kufundisha au kuuza viatu, na hakuna aliyewauliza kwa nini.

Wenzake hao hao ndio waliomwambia kwamba sumu ya nyuki hulainisha damu nzito.

Sasa, Dada alianza kuchoka. Alipopanda ngazi za kanisani alisimama katikati akijifanya anamsubiri mtu. Nikampeleka kliniki mwenyewe. Wakampima, wakamwambia mishipa ya moyo wake imeanza kuwa myembamba na damu yake huganda upesi, wakampa vidonge, wakamwambia apunguze chumvi na atembee. Tulirudi nyumbani tukamweleza Moshi. Katika maneno yote yale alisikia neno moja.

"Kuganda?" alisema, na nikaona uso wake unafunguka kwa furaha. "Kuganda tu? Hilo mbona dawa yake tunayo hapahapa!"

Ikawa kila Jumamosi asubuhi anarudi na nyuki ndani ya kiberiti alichokitoboa matundu kwa sindano niliyompa mimi. Dada anakaa kwenye kiti cha jikoni, gauni amelipandisha hadi gotini. Moshi anapiga goti mbele yake, anamtoa nyuki kwa kibano kidogo, anamweka kando ya goti. "Tulia mke wangu, ni kidogo tu." Akishaumwa, Moshi anapapuliza pale mahali, pole pole, kama unavyompulizia mtoto aliyeanguka. Ningependa kuwaambia kwamba alikuwa mjinga au katili. Ingenirahisishia sana maisha. Lakini niliuona ule mdomo wake ukipuliza, na sijawahi kupulizwa hivyo na mtu yeyote.

Mara za kwanza ilikuwa doa jekundu na muwasho. Baadaye vipele vikapanda paja, kisha tumbo. Siku moja nilimkuta Dada midomo imenenepa.

"Shemeji," nikasema, "mbona huyu anaota milima na mabonde?"

"Damu inafunguka hiyo. Ukiona inawasha, ujue inatembea. Subiri mwili uzoee."

Nilimvuta Dada uani nikamwambia aache mchezo huo. Aliangalia dirishani kama mumewe anasikia, akanishika mkono.

"Mwache," alisema. "Tangu nilipoambiwa habari za moyo halali. Hapo anapopiga goti ndipo anapumua. Kuliko alie yeye, bora nijikune mimi."

Huyo ndiye dada yangu. Unaweza kubishana na mtu wa namna hiyo?

Asubuhi ile nilikuwa nashona sare za shule. Moshi akaja mwenyewe mbio, kwa miguu, baiskeli ameiacha. Tangu nimjue sikuwa nimemwona akikimbia, maana mfuga nyuki anajifunza kutembea taratibu. "Njoo," alisema. "Dada yako simwelewi."

Alikuwa sakafuni jikoni, mgongo ameegemeza kwenye kabati. Midomo imevimba, vipele vimejaa shingoni, jasho la baridi, na mkono ameukandamiza kifuani. Kwenye goti lake palikuwa na madoa mawili.

"Mbona mawili?" niliuliza.

"Nimemwongezea," Moshi alisema. "Alisema kifua kinabana, nikajua damu inaganda. Nikamwongezea wa pili."

Jirani yetu muuza mbao akatupeleka kwa gari lake. Dada alilaza kichwa mapajani pangu. Hakuwa na pumzi ya maneno mengi, na kidogo aliyokuwa nayo aliitumia kwa ajili ya mumewe. "Asilie," alisema. Nikamwambia aache upuuzi, atasema mwenyewe tukirudi. Hakurudi.

Daktari aliyenitoa kwenda kwenye korido alikuwa na miwani iliyofungwa kwa plasta pembeni. Moshi tulimwacha nje kwenye benchi. Daktari aliniuliza kama marehemu alikuwa na aleji ya nyuki.

"Hapana," nikasema. "Alikuwa anajikuna tu."

"Ndiyo hiyo," alisema.

Akanieleza polepole, na alirudia nilipomwomba arudie. Kandokando ya mishipa ya damu kuna seli zilizojaa vijifuko vya kemikali. Kwa mtu mwenye mzio, sumu ikiingia, seli hizo humwaga vyote kwa mpigo. Histamini ndiyo inayowasha, inayovimbisha midomo na kutoa vipele. Lakini mambo hayaishii kwenye ngozi, kwa sababu seli hizo zipo hadi moyoni. Mshipa wa moyo hujibana, chembe zinazogandisha damu huamshwa, na kama mshipa ulikuwa na ubovu tayari, damu huganda hapohapo na kuuziba.

"Lakini shemeji yangu anasema sumu ya nyuki inalainisha damu," nikasema. Nilikuwa nataka daktari acheke. Nilitaka asikie upumbavu huo akasirike pamoja na mimi.

Hakucheka. "Hajakosea kabisa," alisema. "Katika vijifuko hivyohivyo, pamoja na histamini, mna heparini, na heparini inazuia damu kuganda. Hata sisi tunawachoma wagonjwa sindano zake. Tatizo ni kwamba haitoki peke yake, inatoka na wenzake wote. Leo wenzake walikuwa na nguvu zaidi. Shemeji yako alijua nusu."

Kisha akaniuliza kama Dada alikuwa anafanya kazi mizingani. Nikamwambia hajawahi hata kufika, alikuwa anafua nguo tu. Daktari akavua miwani. Sumu ya nyuki, alisema, hukauka kwenye kitambaa, na anayefua huivuta na kuigusa kidogo kidogo kwa miaka. Huwatokea watu wa nyumba za wafuga nyuki: mume anaumwa kila siku na mwili wake umetulia, mke asiyekanyaga mizingani ndiye anayepata mzio. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wa kale, na nguo zenyewe nilikuwa nimezishona mimi.

Nilitoka nje kwa hasira. Nasema hasira kwa sababu ndiyo iliyonibeba hadi kwenye benchi lile. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote, tangu la kwanza hadi la mwisho. Moshi aliinua uso kabla sijafungua mdomo.

"Nilichelewa," alisema. "Ningeanza mapema, ile siku aliposimama kwenye ngazi. Ningeanza na nyuki watatu badala ya mmoja. Isingeganda."

Kile kiberiti chenye matundu kilikuwa bado mkononi mwake. Nikamwangalia. Nikamkumbuka Dada kwenye gari.

"Moyo," nikasema. "Damu imeganda kwenye mshipa wa moyo."

Ilikuwa kweli. Alikuwa na nusu yake na mimi nikampa nusu nyingine isiyofaa, tukarudi nyumbani na maiti.

Moshi aliishi na ile "nilichelewa" kama mtu anayeishi na mpangaji. Aliilalia na kuiamkia. Alikuja kwangu jioni, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akasimulia upya: laiti angeanza mapema, laiti angemwongezea. Utani ulitufia. Nilijaribu siku moja kumwambia kwamba ndevu zake zimeanza kuwa na mvi kama masega yaliyoota ukungu, akaniambia, "Ni kweli shemeji," akaendelea kukaa. Ovaroli zake sasa Kitinda ndiye aliyezifua, akija kumtembelea baba yake mwisho wa juma. Alikuwa ameolewa mitaa ya juu na alikuwa na mimba ya kwanza.

Akaja kwangu Jumapili moja, mikono imevimba hadi viwiko. "Mama mdogo," alisema akicheka, "kumbe mama alikuwa hatanii. Hizi nguo zinawasha kweli."

Sikucheka. Nilimkataza kufua, nikamkataza kusogelea mizinga, nikasingizia mimba. Kisha kuna siku nyuki mmoja alimfuata Moshi hadi nyumbani ndani ya mkunjo wa suruali, akamuuma Kitinda kidoleni, na midomo yake ikanenepa mbele ya macho yangu. Ilikuwa midomo ya mama yake. Nilimkimbiza kliniki, wakamchoma sindano, ikashuka. Moshi alikuwa ameshatoka tena; aliporudi nilimwambia mtoto amekula kitu kibaya.

Alijifungua salama, mtoto wa kike mwenye sauti kubwa. Kwa kuwa Kitinda hakuwa na mama tena, nilimleta kwangu nimwangalie. Hakikupita kitambo mguu wake wa kushoto ukavimba kwenye kigimbi, ukawa wa moto. Hospitali wakasema damu imeganda kwenye mshipa wa mguu, huwatokea baadhi ya wanawake wakishajifungua. Wakamlaza siku kadhaa, kisha wakamrudisha kwangu na sindano ndogo za kujichoma tumboni. Nilisoma jina kwenye kisanduku. Heparini. Nikakaa kitandani na kile kisanduku mapajani, nikakiangalia kama ninavyoangalia mtu niliyewahi kumwona mahali pabaya.

Nilikuwa najua Moshi atafika. Niliamka Jumamosi hiyo nikilijua hilo.

Alikuja mapema, amevaa shati safi, ndevu amechana. Alipita ukumbini hadi mlango wa chumba ambamo Kitinda alikuwa amelala na mtoto kifuani. Mkono wake wa kulia ulikuwa mfukoni, na nikasikia mfuko ukivuma.

"Mwanangu," alimwambia bintiye, "safari hii sichelewi."

"Baba, nimeshapewa sindano."

"Sindano ziendelee. Haya si mashindano. Mmoja kwenye mguu, wa pili kesho." Alikuwa anatabasamu. Tangu tumzike Dada sikuwa nimeyaona meno yake. "Nyoosha mguu, mama."

Na Kitinda, mtoto wa mama yake, akaanza kunyoosha mguu.

Nikimwambia namvunja. Nisipomwambia, anamzika binti yake kwa mkono ule ule. Sikuhitaji fundi wa mizani kunipimia hilo. Nilimshika shemeji yangu kwenye kiwiko nikamvuta hadi chumba cha cherehani, nikafunga mlango.

"Weka kiberiti mezani."

"Kwani kuna nini?"

"Kiweke, shemeji. Kaa."

Akakiweka kati ya mkasi na bobini za uzi, akakaa kwenye kigoda chake.

"Dada hakufa kwa sababu ulichelewa," nikasema.

Uso wake ukapata nuru kidogo. Alidhani nimekuja kumfariji. Hiyo ndiyo sehemu inayonirudia nikiwa peke yangu: jinsi alivyonishukuru kwa macho kabla sijamaliza.

"Alikuwa na aleji ya nyuki," nikasema. "Ule muwasho haukuwa damu kutembea. Mwili wake ulikuwa unawakataa. Siku ile ulipowakataa kabisa, ulimwaga vitu vilivyomfanya avimbe, na vitu hivyohivyo ndivyo vilivyogandisha damu kwenye moyo. Daktari aliniambia palepale hospitali."

"Muwasho ni damu kufunguka," alisema. "Mimi mwenyewe..."

"Wewe ni wewe. Mwili wako ulizoea. Wa kwake haukuzoea, ulikuwa unazidi kukasirika. Na Kitinda naye ni hivyo. Siku ile hakula kitu kibaya. Aliumwa na nyuki wako."

Upande wa pili wa ukuta mtoto alilia kidogo, akanyonyeshwa, akatulia.

"Kwa hiyo tulikuwa tunadanganyana," Moshi alisema. "Wazee wote wale wa kazi. Hailainishi damu."

"Daktari alisema mnajua nusu. Kitu kinachozuia damu kuganda kimo kweli. Ndicho hicho anachojichoma Kitinda, kimetengwa peke yake. Ila mwilini hakitoki peke yake."

"Nusu," alisema.

"Nusu."

Alikuwa ameviweka viganja vyake juu ya magoti, vile viganja vigumu visivyosikia mwiba. Aliviangalia.

"Na yule wa pili?"

Nilishika kitambaa kilichokuwa mezani nikaanza kukikunja. Ndani ya kiberiti nyuki walikuwa wanavuma, wananyamaza, wanavuma.

"Shemeji. Yule wa pili?"

"Sijui. Mungu ndiye anajua."

"Wewe unajua."

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimeshadanganya kwa muda mrefu, na nilikuwa nimekuwa hodari. Lakini alikuwa ananitazama kama mtu anayeomba maji, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba amezeeka.

"Wa pili alimwongezea," nikasema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Dada alisema asilie, na mimi nilikuwa nimeweka leso karibu, chai jikoni, hata maneno. Hakulia. Heri angelia. Alikaa tu, midomo yake ikatoka mbele kidogo, na nikaelewa kwamba alikuwa anapuliza. Hakuna sauti iliyotoka. Nikageukia dirishani nisione.

"Aliupataje huo mzio?" aliuliza baadaye. "Hakuwahi kufika mizingani. Hata siku moja."

Hapo ndipo nilipotamani Dada angekuwepo ajibu yeye, kwa upole wake. "Nguo," nikasema. "Sumu inakauka kwenye nguo. Yule anayefua ndiye anayeipata. Kitinda pia."

Moshi aliangalia mkono wa shati lake. Akaugeuza, akaangalia upande wa ndani. Kisha akasimama, akasogea mbali na ule ukuta ambao upande wake wa pili alikuwa amelala mjukuu wake, kwa uangalifu kama mtu aliyegundua kwamba amebeba moto. Alichukua kiberiti chake. Hakupita tena ukumbini. Alitoka kwa mlango wa nyuma, viwiko amevibana mbavuni asiguse pazia.

Kitinda aliniuliza baba yuko wapi. Nilimweleza yote jioni ile, maana nilikuwa nimechoka kugawa ukweli vipande vipande. Alilia kwa ajili ya mama yake, na baadaye akalia kwa ajili ya baba yake, na kilio cha pili kilikuwa kirefu zaidi.

Siku zikapita Moshi haonekani. Mguu wa Kitinda ukapungua, ukarudi kuwa mguu. Nikasikia kwa muuza mbao kwamba shemeji yangu anagawa mizinga. Amempa mfuga nyuki mwenzake wa upande wa machimboni, yote, pamoja na kile kikopo. Ikabidi niende kumwona.

Nyumba ilikuwa haina harufu ya moshi. Nilisimama mlangoni nikidhani nimekosea nyumba. Nikamkuta nyuma, kwenye ule waya wa Dada, na beseni la bati mbele yake. Alikuwa amevua shati. Ovaroli zote nilizowahi kumshonea zilikuwa pale, zile mpya na zile zilizotoboka magotini, nyingine zinaning'inia, nyingine zimelowekwa, na maji yalikuwa yamemwagwa mara nyingi hadi uani pamekuwa tope.

"Nasikia umempa mwenzako mizinga," nikasema.

"Nimempa. Na hizi nampa."

"Sasa mbona unazifua kama za maiti? Si atafua mwenyewe?"

"Ana mke," Moshi alisema.

Alichukua ovaroli nyingine kwenye waya, akaanza kuipiga kwa kiganja kama alivyokuwa akifanya Dada, uso ameuweka karibu kabisa na kitambaa, na vumbi likamwingia puani na machoni. Hakupiga chafya. Akaitosa kwenye beseni, akaizamisha mikono hadi viwiko, akaifikicha, akaisugua kola na vifundo pale nilipoweka mpira.

"Alikuwa ananiambia," alisema bila kuinua kichwa. "Kila Jumapili alikuwa ananiambia."

"Tulikuwa tunataniana wote, shemeji."

"Alikuwa ananiambia zinawasha."

Aliiinua ile ovaroli, nzito kwa maji, akaanza kuikamua peke yake. Ni kazi ya watu wawili. Mguu mmoja ulimponyoka ukaanguka kwenye tope. Nikainama niushike, nizungushe upande wangu kama alivyokuwa akifanya Kitinda.

"Usiguse!"

Alikuwa hajawahi kunifokea. Nikarudisha mkono. Akauokota ule mguu mwenyewe, akausuuza, akausuuza tena, kisha akaitoa mikono yake majini akainyoosha mbele yangu, huku na huku, viganja na migongo. Ilikuwa ileile ya miaka yote, migumu, haina hata doa.

"Angalia," alisema, na sasa alikuwa analia. "Nafua tangu asubuhi. Nimejipaka vumbi lake hadi usoni. Haziniwashi, shemeji. Haziniwashi hata kidogo."